Punda mwenye tumbo kubwa si lazima awe mnono

Juma lililopita tulipokea barua kutoka kwa msomaji wetu wa Naivasha ambaye hujipatia riziki kwa kuuza maji kwa mkokoteni wa punda. Anaeleza kwamba punda wake, jike wa miaka minane hivi, ana tumbo lililojaa kama ngoma, na kila anayempita njiani humsifu mwenyewe kwa kumlisha vyema. Hata hivyo, tangu mwezi uliopita mnyama huyo amekuwa akisimama katikati ya mlima na kukataa kwenda, na juzi alipiga magoti akiwa na mitungi 20 ya maji nyuma yake. Msomaji wetu anauliza: "Je, punda huyu amenenepa kupita kiasi, nimpunguzie chakula ili apate wepesi, au ana kasoro nyingine? Watoto wangu wanne wanasoma kwa mgongo wake."

Swali hili ni zuri, na tunafurahi kwamba aliandika kabla ya kusikiliza ushauri wa jirani. Kumpunguzia chakula punda ambaye hujui hali yake ni jambo linaloweza kumuua kwa muda wa siku chache tu, awe mnono au awe mwembamba. Tutaeleza sababu hapa chini. Kwanza yatupasa kujua jinsi ya kumpima.

Huenda wasomaji wengine wakajiuliza punda anatafuta nini katika ukurasa wa afya. Katika miji yetu mingi, maji ya kunywa, makaa, unga, mchanga na mawe ya kujengea huletwa mlangoni na punda. Kisiwani Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, punda ndiye lori na ndiye teksi. Isitoshe, punda hawapatikani tena kwa urahisi kama zamani. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini Kenya, na ile ya 2019 ikapata milioni 1.2 hivi. Kati ya miaka hiyo miwili, kuanzia 2016, machinjio yenye leseni yalikuwa yakichinja punda kwa ajili ya ngozi ambazo huuzwa China kutengenezea dawa, na wezi wakawa wanaingia maboma ya watu usiku. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kwa hivyo, mwenye punda leo ana mali ambayo akiipoteza hataipata tena kesho asubuhi.

JICHO HUDANGANYA

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kumtazama punda au farasi tumboni. Tumbo si ghala la mafuta ya mwili. Ndani yake mna utumbo mpana ulio kama pipa kubwa, ambamo vijidudu wadogo huivunja nyasi polepole mpaka mnyama apate nguvu kutokana nayo. Chakula kikiwa kigumu na duni, mathalani mabua ya mahindi yaliyokauka, hukaa ndani ya pipa hilo muda mrefu zaidi, na mnyama hulazimika kula kingi ili apate kidogo. Matokeo yake ni tumbo linaloning'inia huku mbavu zikihesabika. Minyoo nayo hulifanya tumbo livimbe, hasa kwa punda wachanga. Jike anaweza pia kuwa na mimba. Punda hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima, na wenye punda wengi hushtukia tu kihongwe amelala zizini.

Mjini kuna jambo jingine. Punda anayeachiliwa ajitafutie chakula katika majaa ya taka hula mifuko ya plastiki pamoja na maganda ya ndizi na kabeji. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, lakini plastiki ya aina nyingine ingali imejaa majalalani, na ile inayoingia tumboni haisagiki. Hufungamana ikawa bonge, likaziba utumbo. Punda wa namna hii huonekana ameshiba daima, na kumbe anakufa njaa.

Kosa la pili ni kumtegemea manyoya. Katika sehemu za baridi kama Limuru na Nyandarua, punda huota manyoya marefu na mazito ambayo huficha mbavu kama blanketi. Unaweza kumwona wa mviringo kwa mbali, lakini ukimwekea mkono ukakuta mifupa mitupu.

Kwa sababu hizo, vyombo vya kupimia ni viwili, navyo havina gharama: mkono wako mwenyewe, na utepe wa fundi wa nguo.

MKONO KWANZA

Mnamo 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M huko Marekani, wakiongozwa na Don Henneke, walitunga kipimo cha kutambua hali ya mwili wa farasi kwa kumtazama na kumgusa. Kipimo hicho huanza 1, yaani mifupa na ngozi, hadi 9, yaani mnyama aliyejaa mafuta hata mgongo ukafanya mfereji. Farasi wa kawaida hutakiwa awe karibu na 5. Kwa punda, wengi hutumia kipimo kifupi cha 1 hadi 5, ambapo 3 ndiyo hali nzuri. Sababu ya kutenganisha vipimo ni kwamba punda si farasi mdogo. Hana minofu mingi kiunoni na matakoni, mgongo wake umenyooka na kuchongoka kidogo hata anapokuwa na afya, na mafuta yake huyaweka mahali pa ajabu, kama tutakavyoona.

Mwombe mtu anayejulikana na punda amshike. Usimwendee kwa nyuma. Simama karibu na bega, umguse shingoni, umwache akunuse, ndipo uanze kazi.

Kabla hujamgusa mnyama, jifunze kwa mwili wako mwenyewe, hata hapo ulipoketi ukisoma gazeti hili. Nyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama chini, kisha pitisha vidole vya mkono wa kulia juu ya mifupa ya nyuma ya kiganja. Unaisikia mifupa, lakini ina kifuniko chembamba juu yake. Mbavu za punda mwenye afya husikika hivyo: hazionekani kwa macho, ila ukisugua kidogo tu unazihesabu. Sasa kunja ngumi, upitishe vidole juu ya vifundo. Mifupa imetokeza, na katikati yake pana mabonde. Mbavu zikiwa hivyo, mnyama amekonda. Mwisho geuza kiganja kitazame juu, uguse nyama iliyo chini ya vidole. Mifupa imo, lakini ni lazima ubonyeze sana ndipo uipate. Hapo mnyama amezidi unene.

Baada ya mbavu, nenda kwenye uti wa mgongo. Weka mkono juu ya mgongo, nyuma ya mahali unapokaa mzigo. Kwa punda aliyekonda utasikia pingili moja moja kama shanga, na pande mbili za uti zitakuwa zimebonyea. Kwa aliye katika hali nzuri, pingili zinasikika ukibonyeza, na nyama za pande zote mbili zimejaa sawasawa. Kwa mnono kupita kiasi, uti umezama, na pengine maji ya mvua yanaweza kutuama katikati.

Kisha nyonga na matako. Mifupa miwili ya nyonga inayochomoza kama pembe, pamoja na shimo chini ya mkia, ni dalili ya kukonda. Hapa nakukumbusha tena kwamba punda ana asili ya kiuno kikavu, kwa hivyo usimhukumu kwa sehemu hii peke yake. Wapo watu waliozoea farasi ambao humwona kila punda kuwa ana njaa, wakamlisha nafaka mpaka akaugua.

Sehemu ya mwisho ni shingo, nayo ndiyo inayowababaisha wengi. Punda akinenepa, mafuta hujikusanya juu ya shingo, chini ya zile nywele fupi zilizosimama, yakafanya ukuta mnene. Yakizidi, ukuta huo huanguka upande mmoja, ukalala kama mto. Wapo wanaoiona shingo ya namna hiyo kuwa dalili ya nguvu. Ukweli ni kwamba mafuta hayo yakikaa sana huwa magumu, na shingo ikishalala huwa hairudi tena hata mnyama akikonda. Unaweza basi kumkuta punda mwenye shingo ya tajiri na mbavu za maskini. Kwa sababu hiyo, andika alama ya kila sehemu peke yake katika daftari, usizijumlishe. Shingo 4, mbavu 2, mgongo 2: mnyama huyo amekonda, na shingo yake inasimulia habari za miaka iliyopita.

UTEPE WA FUNDI WA NGUO

Mkono hukuambia hali ya mwili, lakini haukuambii kilo. Na kilo zinahitajika. Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, na wengi wetu hukisia. Punda wa kilo 104 akikisiwa kuwa wa kilo 150, atapewa dawa karibu mara moja na nusu ya anayostahili. Akikisiwa kuwa wa kilo 80, minyoo michache itakufa, mingine itazoea dawa, na mwaka ujao dawa hiyo haitafanya kazi.

Utepe wa kawaida wa fundi una sentimita 150, nao unatosha kwa punda wetu. Mnyama asimame mahali pa tambarare, miguu yote minne ikiwa sawa, kichwa kikiwa kama kawaida. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ukipita juu ya mgongo palipo nyuma ya mabega. Uubane uguse ngozi bila kuididimiza, usubiri mnyama atoe pumzi, ndipo usome. Angalia kwamba utepe unapita kifuani wala si tumboni. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwa sababu tumbo lililojaa nyasi au maji haliwezi kukudanganya.

Mwaka 1996 watafiti Anne Pearson na Mohammed Ouassat walichapisha hesabu waliyoipata kwa kuwapima punda wa kazi nchini Moroko, ambayo hugeuza mzunguko wa kifua kuwa kilo. Tumekupigia hesabu hiyo ili usisumbuke. Punda mzima mwenye mzunguko wa sentimita 100 ana kilo 91 hivi. Wa sentimita 105 ana kilo 104, wa 110 ana kilo 117, wa 115 ana kilo 132, na wa 120 ana kilo 148. Hesabu hii haiwafai vihongwe wala majike wenye mimba kubwa. Aidha, punda wa Moroko na wa Mwea si ndugu wa tumbo moja, kwa hivyo kilo kadhaa zinaweza kupungua au kuzidi. Faida yake kubwa ni kumlinganisha mnyama na yeye mwenyewe: utepe uliosoma 112 mwezi wa Machi ukisoma 107 mwezi wa Mei, punda amepoteza kilo zaidi ya kumi, hata kama kwa macho huoni tofauti.

Kwa farasi, utepe wa fundi ni mfupi. Tumia kamba, kisha uipime kamba hiyo. Pima mzunguko wa kifua, halafu urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, zote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 11,877. Farasi mwenye mzunguko wa 170 na urefu wa 155 ana kilo 377 hivi.

Kilo peke yake hazitoshi. Kilo 130 zinaweza kuwa unene wa hatari kwa punda mfupi, na njaa kwa punda mrefu. Ndiyo maana mkono na utepe huenda pamoja.

MNONO NAYE YUMO HATARINI

Sasa turudi kwenye onyo letu la mwanzo. Punda ni mnyama wa asili ya jangwani, na mwili wake umezoea kuweka akiba. Akikosa chakula ghafla, ama kwa kunyimwa, ama kwa kusafirishwa mbali, ama kwa kuugua meno, au hata kwa huzuni ya kufiwa na mwenzake waliyezoeana, mwili hufungua akiba yote kwa mkupuo. Mafuta humiminika katika damu kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Damu huwa nzito na yenye rangi ya maziwa, ini na figo hushindwa kazi, na mnyama huweza kufa. Punda wanono na majike wenye mimba ndio walio hatarini zaidi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba punda haonyeshi maumivu kama farasi. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa chini na kutoa jasho. Punda husimama tu, masikio yameinama, pua imeelekea ukutani. Mwenyewe husema, "Leo amenuna." Punda aliyesusia chakula kwa siku nzima ni mgonjwa mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Usingoje kesho kutwa.

Kwa hivyo, anayetaka kumpunguza punda mnono asimnyime chakula. Ampunguzie vile vyenye nguvu nyingi, yaani mahindi, pumba, mkate na mabaki ya ugali, aviondoe kidogo kidogo, na mahali pake aweke nyasi kavu za kawaida au mabua safi ya ngano. Atarajie mabadiliko kwa miezi, wala si kwa wiki. Akifanya hivyo atamkinga mnyama pia na ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato, ambao huwapata sana punda na farasi wanono na waliokula nafaka nyingi. Mnyama wa namna hiyo hutembea kana kwamba anakanyaga makaa ya moto.

AKIKONDA

Kukonda ndiko tatizo la wengi. Njaa huwa ya kwanza kushukiwa, na mara nyingi ndiyo, lakini kuna njaa ya aina mbili. Moja ni ya kukosa chakula. Nyingine ni ya kukosa muda wa kula. Punda aliyeachwa huru hutumia sehemu kubwa ya mchana na usiku akichungachunga. Yule wa mjini huvutishwa mkokoteni kutoka alfajiri hadi magharibi, akifunguliwa hupewa shada moja la nyasi za napia, basi. Punda wa kazi huhitaji takriban kilo 2 hadi 2.5 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku, na nyasi mbichi zina maji mengi, kwa hivyo shada linaloonekana kubwa lina chakula kidogo. Mwekee nyasi usiku kucha. Mchana, kila unaposimama kungoja mteja, mfunge mfuko wa nyasi.

Maji pia. Punda anayefanya kazi juani aweza kuhitaji lita 15 hadi 25 kwa siku, naye akikosa maji hawezi kula vyema chakula kikavu. Ni aibu ilioje kwamba punda wengi wanaobeba maji ya mji mzima hushinda na kiu.

Kama chakula kipo na bado anakonda, tazama kinywa. Punda mwenye meno yaliyoota makali au yaliyong'oka hudondosha mabonge ya nyasi iliyotafunwa nusu. Mabonge hayo ukiyaona chini, mwite daktari wa mifugo ayasugue meno kwa tupa yake. Baada ya meno ni minyoo, na hapa ni afadhali kinyesi kipimwe kuliko kununua dawa kwa kubahatisha dukani. Katika sehemu zenye mbung'o, ugonjwa wa nagana pia hukondesha. Vidonda vya nira na matandiko navyo hukondesha, kwa maana mnyama mwenye maumivu hali vizuri.

Usimfidie aliyekonda kwa debe la mahindi. Tumbo ambalo limezoea mabua haliwezi kupokea nafaka nyingi kwa ghafla. Hupata msokoto, au maradhi ya kwato yale tuliyoyataja. Anza na nyasi kavu nzuri, kisha ongeza lusani kidogo, ukigawa chakula mara nne au tano kwa siku, na uongeze kwa majuma.

KWA MTEJA

Wengi wenu hamna punda wala farasi, lakini mnawalipa wenye nao. Mzigo wa mgongoni haupasi kuzidi thuluthi moja ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 117 basi abebe kilo 39. Mitungi miwili ya lita 20 imeshafika kilo 40. Mitungi minne, ambayo tunaiona kila siku, ni kilo 80, zaidi ya theluthi mbili za mwili wake. Mkokoteni hubeba zaidi kwa kuwa uzito hukaa juu ya magurudumu, mradi mzigo uwe umesawazishwa, magurudumu yawe na upepo na barabara iwe tambarare. Mlima hubadilisha hesabu yote. Kumpakia mnyama kupita kiasi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya.

Ukimpeleka mtoto kupanda farasi ufuoni Mombasa wakati wa likizo, mtazame farasi kabla ya kulipa. Farasi wa mbio katika uwanja wa Ngong huweza kuonyesha mbavu kidogo kama mwanariadha anavyokuwa mkavu, na bado ana nyama imara mgongoni na matakoni. Yule wa ufuoni mwenye uti uliosimama kama ukingo wa panga chini ya tandiko hana budi kuachwa apumzike. Mwambie mwenyewe kwa adabu kwamba utarudi farasi akinenepa. Wateja watano wakisema hivyo kwa siku moja, ujumbe utafika.

JIBU LA BARUA

Kwa msomaji wetu wa Naivasha: usimpunguzie chakula. Kwa maelezo yako kwamba tumbo limejaa lakini nguvu zimeisha, tunashuku kwamba punda wako amekonda chini ya hilo tumbo, ila mkono wako ndio utakaosema. Mguse mbavu na mgongo leo jioni. Kama ni vifundo vya ngumi, basi ni mwembamba. Mpime kifua kwa utepe. Akiwa na sentimita 110, ana kilo 117 hivi, na mitungi yako 20 ni kilo 400, zaidi ya mara tatu ya uzito wake, kabla ya kuhesabu mkokoteni wenyewe. Kwenye mlima huo punguza mitungi iwe nusu, uende safari mbili, au ukodi punda wa pili wa kusaidiana naye. Tunajua kwamba safari ya pili ni muda, na muda ni fedha. Lakini punda akianguka akavunjika mguu hakuna safari hata moja.

Mwite daktari wa mifugo ampapase tumboni. Ni jike, ana miaka minane, na kama aliwahi kukutana na dume miezi kadhaa iliyopita, huenda anabeba kihongwe. Ikiwa ndivyo, utepe wa tumbo hilo hautakufaa, dawa nyingine za minyoo hazitamfaa, na kumnyima chakula kungekuwa hatari maradufu. Kama si mimba, kinyesi kipimwe, meno yatazamwe, na umuulize daktari kuhusu plastiki ikiwa humwachilia jaani.

Mpime tena baada ya kila majuma mawili, siku ile ile, asubuhi kabla hujamfunga mkokoteni, na uandike tarehe, sentimita na alama za mbavu, mgongo, nyonga na shingo. Baada ya miezi mitatu tuandikie tena, ukitutumia nakala ya ukurasa huo wa daftari.